Filamu nne za hadithi fupi fupi kwa usiku wa Halloween: uchague ipi?

Filamu ya kutisha ya kawaida ina kazi moja ngumu: kukushika kwa hofu ileile saa moja na nusu bila kukuchosha. Nyingi hushindwa. Ndiyo maana ipo aina ya pili, ile inayokusanya hadithi nne, tano, hata kumi ndani ya filamu moja, kila hadithi na watu wake, zimwi lake na kifo chake. Aliyelelewa kwa "paukwa, pakawa" hahitaji kuelezwa utamu wake. Hadithi inaanza, inakutia baridi, inakwisha, na kabla hujapumua nyingine imeshika nafasi. Tena humu hakuna mwenye kinga. Katika filamu ndefu unajua kwamba dada ambaye jina lake limetangulia kwenye bango hafi nusu saa ya mwanzo. Katika hadithi ya dakika 15 msimulizi hamhitaji tena mtu wake baada ya hapo, na wewe huna pa kushikilia.

Halloween imeoana na aina hii kwa sababu nayo ni usiku mmoja wenye milango mingi. Ni tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mizizi yake hutafutwa mara nyingi kwenye Samhain, sikukuu ya Waselti ya kufunga mavuno na kuingia miezi ya giza. Waairishi waliohamia Marekani karne ya 19 walikwenda na desturi zao, na kule taa zilizokuwa zikichongwa kwenye mboga za mizizi zikahamia kwenye maboga. Leo watoto wa Marekani huvaa vinyago na kugonga nyumba hadi nyumba wakidai kitu kitamu, la sivyo watakufanyia kituko. Mtaa mmoja, usiku mmoja, wageni waliofunika nyuso, na kila mwenye nyumba lazima afungue. Mwandishi wa hadithi za kutisha hana cha kuongeza hapo isipokuwa nani yuko nyuma ya mlango.

Ugumu unakuja unapotaka kuangalia moja tu. Zinazogombewa zaidi ni nne: Creepshow ya 1982, Trick 'r Treat ya 2007, V/H/S ya 2012 na Tales of Halloween ya 2015. Zote ni za Marekani, zote zina damu, na hakuna hata moja ya watoto. Zaidi ya hapo hazifanani, na anayeichukua isiyomfaa huishia kuilaani aina nzima. Hapa zimepimwa kwa vigezo vilevile. Miisho haitobolewi.

Vigezo

Uzi. Hiki ndicho kigezo kikubwa, na ndicho kinachosahaulika. Usiulize kwanza hadithi ni ngapi. Uliza nini kinazishika pamoja. Shahrazadi, msimulizi wa Alfu Lela U Lela, alikuwa na uzi usio na mfano: akiishiwa hadithi, anauawa. Mkusanyiko wenye uzi dhaifu ni sawa na kuangalia video tano zisizohusiana. Wenye uzi imara hukufanya uingie hadithi ya nne huku ya pili bado inakukera kichwani.

Halloween yenyewe. Jaribio ni rahisi: ondoa maboga, vinyago na pipi. Hadithi ikibaki imesimama, Halloween ilikuwa pambo tu. Ikianguka, ilikuwa ndiyo roho yake.

Aina ya hofu. Kuna damu, kuna kushtukizwa, kuna wasiwasi unaopanda polepole, kuna karaha, na kuna kicheko kinachochanganyika na vyote hivyo. Mtu anayependa kimoja anaweza asivumilie kingine.

Inapolegea. Kila mkusanyiko una hadithi dhaifu. Dakika chache hazitoshi kumjenga mtu hadi umjali, na waongozaji wakiwa wengi kila mmoja huja na mwendo wake. Ukijua mapema inalegea wapi, hutaizima katikati.

Muda. Umbo la filamu linaruhusu kuikata katikati, au lazima uimalize kwa mkao mmoja? Hapa pana jambo la kiufundi linalowasumbua watu. Nakala za DVD zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na Afrika Mashariki, hukimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Filamu ya dakika 120 huonekana ina dakika 115, na ya dakika 82 huonekana ina 79. Hiyo haijakatwa. Pengo likizidi hapo, kwa mfano Creepshow yenye dakika 100, kuna kitu kimenyofolewa, na kwa kawaida ni zile sehemu zenye damu ambazo hadithi nzima ilikuwa ikielekea huko.

Creepshow (1982)

Uzi. Mvulana anafumaniwa na baba yake akisoma kitabu cha katuni za kutisha. Baba anamkaripia na kukitupa kwenye pipa la taka. Upepo unakifunua, ukurasa baada ya ukurasa, na kila hadithi inaanza kama mchoro unaogeuka kuwa picha hai. Mwongozaji ni George A. Romero, mwandishi ni Stephen King, na mvulana huyo ni mtoto wa King mwenyewe, ambaye leo ni mwandishi anayejulikana kwa jina la Joe Hill. Uzi huu una historia nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EC ilichapisha katuni za namna hii hasa. Mwaka 1954 kukawa na vikao vya Seneti ya Marekani kuhusu madhara yake kwa vijana, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali zilizoua aina hiyo ya vitabu. Baba anayetupa kitabu katika dakika za kwanza anarudia jambo lililotokea kweli.

Kutoka EC filamu imerithi pia sheria yake ya maadili: mchimba kisima huingia mwenyewe. Karibu kila hadithi ina mtu mbaya, na ubaya wake unamrudia kwa umbo linalofanana nao.

Halloween yenyewe. Kidogo. Kuna boga lenye taa dirishani mwa nyumba ya mvulana, na hewa yote ni ya vuli. Lakini hadithi zenyewe hazihusiani na usiku huo. Ya kwanza inatokea Siku ya Baba, ambayo Marekani huadhimishwa Juni. Anayetafuta vinyago na pipi hatavipata humu.

Aina ya hofu. Rangi nyekundu na buluu zinawaka nyuma ya mtu anapopiga ukelele, kama ukurasa uliochapishwa. Madude yote yametengenezwa kwa mikono na Tom Savini, kwa mpira, rangi na nyaya, na bado yana uzito ambao kompyuta nyingi hazijaufikia. Hadithi ya tatu ndiyo itakayomkaa mtu wa pwani. Mume tajiri aliyesalitiwa anamfukia hasimu wake kwenye mchanga hadi shingoni, chini ya mstari wa maji kujaa, kisha anamwekea televisheni mbele ya uso. Anayejua maji yanavyokuja, kwanza ulimi mwembamba unaorudi, kisha unaofika kidogo mbele, kisha usiorudi, ataiangalia hadithi hii kwa kifua kilichobana kuliko mtazamaji wa bara. Mume huyo ni Leslie Nielsen, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewavunja watu mbavu katika vichekesho, na ule uchangamfu wake ndio unaotisha.

Hadithi ya mwisho ni ya mende. Ni mende halisi, kwa maelfu, ndani ya chumba cheupe cha tajiri anayeogopa uchafu. Mwenye kichefuchefu cha wadudu aizime filamu hapo bila aibu.

Inapolegea. Hadithi ya pili, ya mkulima na kimondo, ameigiza King mwenyewe kwa midomo na macho mengi kupita kiasi. Wapo wanaoipenda kwa hilo, lakini kwa mgeni inaweza kuonekana kama utani ulioingia chumba kisicho chake. Vumilia, ni fupi. Ya nne, ya kasha la msafara wa Aktiki wa mwaka 1834 lililosahauliwa chini ya ngazi za chuo kikuu, ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo bora.

Muda. Dakika 120. Inakatika vizuri mara mbili: usiku wa kwanza hadithi tatu za mwanzo, wa pili kasha na mende.

Inamfaa nani. Anayependa hadithi zenye mwanzo, kati na adhabu, anayestahi kazi ya mikono, na asiyekerwa na mwendo wa filamu ya miaka 40 iliyopita. Haimfai anayetaka kushtuliwa kila dakika tano.

Trick 'r Treat (2007)

Uzi. Hapa ndipo uzi ulipofika mbali kuliko popote katika aina hii. Mji mmoja wa kubuni katika jimbo la Ohio, usiku mmoja, na hadithi nne pamoja na utangulizi, lakini hazikupangwa moja baada ya nyingine. Zinapita ndani ya nyingine. Mtu wa hadithi ya tatu anavuka barabara katika ya kwanza. Kelele uliyoisikia mapema inapata maelezo yake saa nzima baadaye.

Chukua sehemu moja tu. Mwalimu mkuu Wilkins yuko uani kwake usiku, anafukia kitu ambacho hataki kionekane. Ng'ambo ya uzio jirani yake, mzee Kreeg, anamfokea, mbwa anabweka. Baadaye kidogo mzee huyohuyo anatokea dirishani akipiga kelele za kuomba msaada, na Wilkins, ambaye ameshachoshwa naye, anampuuza na kuingia ndani. Ni sekunde chache, na watu hucheka. Karibu na mwisho filamu inakuingiza ndani ya nyumba ya Kreeg, na unalifikia dirisha lile kutoka upande wa pili. Kicheko ulichokitoa kinarudi kukudai. Hakuna kilichoongezwa hapo ila mpangilio, na hilo ndilo filamu ya mkusanyiko inaloweza kufanya na filamu ya hadithi moja haiwezi kwa urahisi.

Halloween yenyewe. Ondoa Halloween na hakuna kinachobaki. Kila kosa humu ni kuvunja desturi ya usiku huo: kuzima taa ya boga kabla usiku haujaisha, kuwanyima watoto pipi, kula kitu bila kukikagua. Anayesimamia sheria ni kiumbe mdogo aitwaye Sam, umbo la mtoto katika pajama za rangi ya chungwa na gunia kichwani lenye vifungo mahali pa macho. Mwongozaji Michael Dougherty alimchora kwanza katika katuni fupi ya 1996. Sam hasemi kitu. Anaangalia nani ameheshimu na nani amedharau.

Hofu ya pipi yenye sumu, inayobeba sehemu ya kwanza, haikutoka hewani. Mwaka 1974 huko Texas baba mmoja alimuua mwanawe kwa pipi aliyoitia sianidi usiku wa Halloween, na tangu hapo wazazi wengi wa Marekani hukagua mifuko ya watoto wao. Mtazamaji asiyejua hilo huiona sehemu hiyo kama uzushi wa mwandishi tu.

Aina ya hofu. Imechanganywa kwa kipimo kizuri: kicheko cheusi, damu kiasi, na hadithi moja ya huzuni ya kweli, ile ya basi la shule na machimbo yaliyojaa maji. Picha ni nzuri mno, machungwa na meusi, majani makavu, moshi mwepesi. Onyo moja: watoto hufa humu. Aliyefiwa na mtoto asiletewe filamu hii kama burudani.

Inapolegea. Sehemu ya akina dada wanaokwenda sherehe msituni huonekana ya kawaida kwa muda mrefu, na wengi huanza kushika simu hapo. Ndipo wanapopoteza filamu, kwa sababu jibu lake limefichwa kwenye maneno wanayoambiana tangu dukani wanakochagua mavazi. Tatizo la pili ni la anayechelewa. Ukikosa dakika kumi za kwanza, ambazo kwa saa za usiku huo ni karibu na mwisho, kurudi nyuma kwa wakati kutakuchanganya kabisa.

Muda. Dakika 82, kwa mkao mmoja, bila kusimamisha. Ilipangiwa kumbi za sinema Oktoba 2007, ikaondolewa kwenye ratiba, na umma wa Marekani ukaipata kwenye DVD Oktoba 2009. Ilikua kwa watu kuambiana, nyumba kwa nyumba, na inalipa kurudiwa. Mara ya pili, acha kumfuata mhusika mkuu wa kila sehemu, mtafute Sam nyuma yao. Yupo kila mahali.

Inamfaa nani. Anayeangalia aina hii kwa mara ya kwanza, na anayetaka Halloween yenyewe, si filamu iliyopambwa kwa Halloween. Haimfai anayeangalia huku anapika.

V/H/S (2012)

Uzi. Genge la vijana wahuni limelipwa kuiba mkanda mmoja wa video kwenye nyumba ya mzee. Wanamkuta amekufa kwenye kiti mbele ya televisheni, na mikanda imerundikana kila upande. Wanaanza kuiangalia ili waujue wanaoutafuta. Kila mkanda ni hadithi. Wazo ni zuri, lakini uzi wenyewe ni mwembamba: wahuni hawa hawapendeki, na hadithi yao inakwisha kabla hata mkanda wa mwisho haujachezwa.

Halloween yenyewe. Mkanda mmoja kati ya mitano, ule wa mwisho, lakini ndio uliobeba filamu. Unaitwa kwa tarehe yake, 31 Oktoba 1998. Rafiki wanne wanakwenda sherehe ya vinyago na kuingia nyumba isiyo yenyewe. Mmoja amevaa vazi la dubu lenye kamera ndani, basi tunaona kile dubu anachokiona. Ujanja uko hapa: usiku wa Halloween mtu akiona jambo la ajabu hulichukulia kuwa pambo la sherehe, na vijana hawa wanazidi kupanda ngazi wakicheka, wakiamini wenye nyumba wamejitahidi. Waliotengeneza mkanda huo, kikundi cha Radio Silence, baadaye walipewa filamu kubwa za kutisha za Hollywood, na ukiuangalia unajua kwa nini.

Aina ya hofu. Ya kikatili na ya karibu. Hakuna muziki wa kukuandaa. Kamera iko kwenye miwani, kwenye kompyuta, mkononi mwa mtu anayekimbia. Kuna uchi, na katika mkanda wa kwanza kuna wanaume waliodhamiria kuwatumia wanawake waliolewa pombe. Filamu inawaadhibu, lakini inakaa nao muda mrefu kabla ya hapo. Huo ni uzito wa kuujua kabla hujawaita wageni.

Inapolegea. Katikati. Mkanda wa pili unakwenda polepole makusudi, wa tatu una wazo zuri la muuaji ambaye kamera haiwezi kumshika sawasawa lakini watu wake ni wa karatasi. Kisha kuna kizunguzungu. Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema umekaa tuli, na mwili unajibu kwa kichefuchefu. Anayepata shida hiyo kwenye gari atapata hapa. Kaa mbali na kioo, acha taa moja ndogo ikiwaka ili macho yawe na kitu kisichotikisika, na pumzika kila mkanda unapokwisha. Mikwaruzo, rangi kupotea na picha kuruka ni vya makusudi. Intaneti yako haina kosa.

Muda. Dakika 116, ndefu kwa mwendo huu. Inakatika bila madhara baada ya mkanda wowote.

Inamfaa nani. Anayesema hatishwi tena na chochote, na anayeangalia peke yake au na mwenzake mmoja. Aliyekulia enzi za deki na mikanda ya kuazimana atapata kitu cha ziada: ule wasiwasi wa mkanda usio na jina, hujui ndani kuna harusi au kuna nini.

Tales of Halloween (2015)

Uzi. Mji mmoja na sauti moja. Hadithi kumi, waongozaji 11, zimekusanywa kwa wazo la Axelle Carolyn, na mtangazaji wa redio anatutembeza usiku huo. Sauti ni ya Adrienne Barbeau, ambaye pia ni yule mke mwenye ulimi mkali katika hadithi ya kasha ya Creepshow. Wahusika wa hadithi moja hupita nyuma ya nyingine, lakini kupita tu. Ukikosa kuwaona hukupoteza kitu.

Halloween yenyewe. Imejaa hadi ukingoni. Majirani wawili wanagombana kwa mapambo ya nyumba, boga linageuka mla watu, watoto wanaokuja kudai pipi si watoto wa kawaida. Ukitaka kuziona desturi zote za usiku ule kwa mpigo mmoja, hakuna iliyozikusanya nyingi zaidi.

Aina ya hofu. Kicheko kwanza, damu pili, hofu tatu. Damu ni nyingi lakini ni ya katuni. Inayotisha kwa dhati ni ile ya Carolyn mwenyewe: dada anarudi nyumbani usiku baada ya kusimuliwa habari za mzimu unaomfuata mtu kwa nyuma, na ameambiwa asigeuke. Hakuna zaidi. Barabara tupu, sauti za nyayo, na shingo yako inayotaka kugeuka badala ya yake. Aliyewahi kuonywa asigeuke akiitwa usiku njiani ataielewa bila manukuu.

Inapolegea. Hadithi kumi katika takribani dakika 92 ni wastani wa dakika tisa kila moja, na dakika tisa zinatosha kwa wazo moja na pigo moja. Pigo likikosa shabaha hakuna kingine cha kushika. Takriban tatu zitakupita hivihivi. Nyingine zimejaa salamu kwa filamu za zamani, na asiyezijua ataona watu wanafurahia kitu asichokiona.

Muda. Ikate popote.

Inamfaa nani. Kundi la watu sebuleni, wanaoingia na kutoka, wanaozungumza. Haimfai anayetaka kubaki na hofu baada ya taa kuwashwa.

Kabla hujabonyeza

Kwenye televisheni za kisasa, zima ile mipangilio inayolainisha mwendo wa picha. Inazaa picha za uongo katikati ya picha halisi, na Creepshow inageuka kuwa kama tamthilia ya mchana. Mpira unaonekana mpira. Mwanga nao: Trick 'r Treat imepigwa gizani, na dirisha lililo nyuma ya kiti chako litafuta nusu yake kwenye kioo, basi subiri jua lizame. Na kama nakala yako ina sauti ya mfasiri juu yake, kama ilivyozoeleka kwenye vibanda vya video, Creepshow itastahimili kwa sababu picha zake husema zenyewe. V/H/S haistahimili. Hofu yake iko kwenye pumzi ya anayeshika kamera, na hiyo ndiyo inayofunikwa kwanza.

Kwa hali yako

Hujawahi kuangalia filamu ya aina hii: Trick 'r Treat, kisha Creepshow ili uone ilikotoka. Majina ya watengenezaji mwanzoni mwa Trick 'r Treat yamewekwa kwenye kurasa za katuni kwa heshima ya Creepshow, na utafurahi kuligundua.

Umewaalika jamaa na majirani: Tales of Halloween. Mwenye kwenda jikoni atakosa hadithi moja, si filamu.

Una mtu asiyependa damu: hakuna iliyo salama. Iliyo karibu ni Trick 'r Treat, lakini mtahadharishe kuhusu watoto. Asiyependa wadudu apewe hadithi nne za kwanza za Creepshow.

Uko peke yako, ni saa sita usiku, na unataka kweli kuogopa: V/H/S, mkanda wa kwanza na wa mwisho. Ukiruka ya katikati hutapotea.

Unataka kuandika au kupiga filamu fupi yako: Tales of Halloween kwa kujifunza nini kinaingia katika dakika tisa na nini hakiingii, halafu sehemu ya uzio na dirisha ya Trick 'r Treat, mara tatu, na kalamu mkononi.

Una kijana wa miaka 16 au 17 anayeomba: Creepshow, pamoja naye, kwa sababu ubaya humo una adhabu na maswali atakayouliza yanajibika. V/H/S isubiri.

Na kama umeme wa kwako ni wa kukatika, usiguse Trick 'r Treat usiku huo. Anza Tales of Halloween. Ukikatikiwa baada ya dakika 40 umeshaona hadithi nne nzima. Creepshow nayo inawezekana, ila hadithi yake ya mwisho inatokea katika jengo ambalo umeme umekatika, na mende ndipo wanapotoka.